Bitana ya Kofia ya Mvua

Nilimwahidi shangazi yangu kwamba sitakanyaga pedali hata mara moja nikiwa kichwa wazi, na kwamba kofia nitakayoivaa nitaichagua kwa kuitazama mbingu, si kwa kujitazama kwenye kioo. Niliitoa ahadi hiyo nikiwa nimesimama mlangoni kwetu, Rugerero, mkono mmoja juu ya tandiko la baiskeli ya marehemu baba yangu. Shangazi alikuwa ameitundika baiskeli hiyo ukutani tangu nikiwa shule ya msingi, akiipaka grisi kila kiangazi kana kwamba anamwogesha mgonjwa. Hakuiachilia mpaka nilipoyasema maneno yote. Niliporuka neno moja, alinirudisha mwanzo.

Alikuwa na sababu. Baba alianguka kwenye mteremko wa kuingia mjini, mvua ikinyesha, na hakuamka tena. Watu walilaumu breki. Shangazi hakuzilaumu. Anaamini hadi leo kwamba kaka yake alivaa kofia ya sufu siku iliyohitaji kofia ya mvua. Kwamba sufu ililoa, ikamshukia usoni, na maji yakamwingia machoni mahali ambapo mtu anahitaji kuona. Nilipomwonyesha kofia ngumu niliyoinunua kwa mshahara wangu wa kwanza, ile ya kukinga fuvu, aliigonga kwa kucha mara mbili kama anayepima kibuyu.

“Hii ni ya kuanguka,” alisema. “Mi nataka ile ya kukuzuia usianguke. Donc, kwa hiyo, vaa zote mbili.”

Nyumbani kwetu tunasema Kinyarwanda, lakini shangazi alikulia Masisi, ng'ambo ya mpaka, na Kiswahili cha huko amekihifadhi kwa ajili ya biashara na kwa ajili ya kunionya. Mimi nafundisha Kiswahili na jiografia katika shule moja mtaa wa Nengo. Nilipohitimu chuo nilikuja na imani kwamba mambo mengi ya dunia hii yanaharibika kwa sababu watu hawayatazami kwa makini. Bado ninaamini hivyo. Ila sikujua kwamba kuna kutazama ambako nako huharibu.

Basi nikaanza na kofia. Asubuhi mimi hushuka kutoka Rugerero kukiwa na ukungu, na baridi yake hukamata masikio kabla ya vidole. Kofia nzito ya sufu ilinifaa hadi nusu ya njia. Kuanzia hapo jasho lilinichuruzika, nami nikawa nafika darasani nikiwashwa paji la uso. Nikaiacha, nikatafuta nyembamba inayofunika masikio na kuacha utosi upumue chini ya ile ngumu.

Jua lilinifundisha jambo ambalo mwalimu wa jiografia angepaswa kulijua bila kufundishwa. Nilinunua kapelo yenye ukingo mrefu ili kukinga macho, nikagundua kwamba jua la njia yangu halinipigi machoni hata siku moja. Asubuhi nashuka kuelekea magharibi, na alasiri napanda kuelekea mashariki. Daima liko kisogoni. Shingo yangu iliungua wakati ukingo ukikinga hewa tupu. Nikajaribu pama yenye ukingo pande zote. Siku ya tatu, upepo wa ziwa uliivua kichwani pale barabara inapopinda ufukweni, na mara ya mwisho kuiona ilikuwa ikielea kuelekea Congo bila kibali. Tangu hapo, kukiwa na jua, huigeuza kapelo, ukingo nyuma. Wanafunzi waliliona jambo hilo kuwa ni la kihuni kwa mwalimu. Niliwachorea ramani ubaoni, jua, barabara na shingo, wakanyamaza.

Kuna pia siku za mlima. Volkano ya ng'ambo huamka na kutoa moshi, na manyunyu ya siku hiyo hushuka na majivu. Kofia nyeupe hurudi na madoa kama yai la kanga. Kwa siku hizo nina kofia nyeusi.

Hivyo ndivyo nilivyopata tabia ya kutoamini. Jua la saa kumi na mbili asubuhi hapa kwetu ni mwongo. Wingu lililolala juu ya mlima halina maana yoyote, lakini wingu dogo linalotoka ziwani na upepo wenye harufu ya majani mabichi litakuwa kichwani mwako kabla hujavuka daraja. Kila asubuhi nilisimama uani dakika tano nikiihoji mbingu kama mtuhumiwa, nami niliona fahari kwamba hainidanganyi tena. Tabia ikishaingia machoni, haibaki kwenye mawingu.

Mwaka huo niliongoza klabu ya mazingira ya shule. Nchi yetu imekataza mifuko ya plastiki, nami nililichukulia katazo hilo kama jambo la dhamiri, si la sheria tu. Jumamosi moja ya kazi za pamoja nilikuja na wanafunzi Rugerero, wakiimba, tukapita nyumba kwa nyumba kukusanya plastiki zote zilizochakaa. Nilianza kwetu ili nisionekane mnafiki. Nyuma ya jiko kulikuwa na shitingi, turubai jeupe la plastiki lenye mstari wa buluu, lililofunika kuni tangu nipate akili. Lilikuwa limepasukapasuka katikati. Nililikunja, nikalipeleka. Shangazi alikuwa akipepeta maharage. Hakusema neno, nami nikachukua ukimya wake kuwa ni ridhaa.

Mvua za Machi zilipokuja, sikuwa na kofia ya kuziweza. Kila niliyoijaribu ililoa, ikawa ni ile ile iliyomshukia baba. Shangazi alinitazama nikirudi jioni moja nikipangusa macho. Hakunilaumu. Alichukua uzi, akanizungushia kichwani, akafunga fundo, akautia kifuani.

Baada ya wiki mbili alinipa kofia. Ilikuwa ya kitambaa cha kaki, ukingo mfupi mgumu mbele, pindo refu nyuma la kumwaga maji mbali na kola. Ilikaa chini ya kofia ngumu kana kwamba zilizaliwa pamoja. Siku hiyo hiyo mvua ilininyeshea kuanzia daraja la Sebeya hadi Nengo, nami nilishuka mteremko wote, hata pale alipoangukia baba, nikiona kila jiwe. Nywele zangu zilikuwa kavu. Nilisimama chini ya paa la shule nikiwa na furaha ambayo sikuweza kuieleza kwa mtu.

Kisha nikaivua, ikachakarisha.

Ulikuwa mchakacho mdogo, mkavu, kutoka ndani ya bitana. Niliibonyeza utosi, ikachakarisha tena. Mwanafunzi wa kidato cha kwanza aliyekuwa karibu akacheka.

“Mwalimu, kofia yako inaongea.”

“Inasema nini?” mwenzake akauliza.

“Inasema sashe.”

Sashe ndivyo watu wa mpakani wanavyoiita mifuko ile iliyokatazwa. Ng'ambo, Goma, ipo tele. Kuivusha kuja huku ni kosa, na wapo wanaojaribu kuivusha wakiificha chini ya nguo. Hakuna kitu kingine nilichokijua chembamba kiasi kile, kinachozuia maji kiasi kile, na kinachotoa sauti ile. Mimi, kiongozi wa klabu ya mazingira, nilikuwa nimeivaa kichwani.

Mshono niliutambua. Karibu na soko yuko fundi cherehani, mzee wa Kiislamu wa familia ya zamani mjini, ambaye hushona kofia na kanzu na ambaye Kiswahili chake hunifanya nione aibu ya changu. Nilimwendea.

“Mwalimu, karibu. Imekukaa vyema?”

“Imenikaa vyema, mzee wangu. Nilitaka kujua ndani umetia kitu gani.”

Aliendelea kuvuta uzi. “Nimetia nilichopewa.”

“Ulipewa nini?”

“Nilipewa kazi na sharti. Kazi umeivaa. Sharti ni kwamba ukija kuuliza, nikuulize habari za shule.” Akainua macho. “Habari za shule?”

Mtu asiye na shaka angecheka. Mimi niliondoka nikiwa na uhakika kwamba ni sashe.

Kuanzia siku hiyo nilimchunguza shangazi kama nilivyochunguza wingu la ziwani. Yeye ni mchuuzi. Kila alfajiri huchukua kapu la karoti na vitunguu, huvuka mpaka pale Bariyeri Ndogo kwa miguu pamoja na mamia ya wanawake wengine, huuza Goma, hurudi alasiri. Alasiri za kipindi hicho nilikuwa namaliza mapema, nikawa nasimama na baiskeli yangu kando ya barabara anakopita. Nilijiambia kwamba nampokea. Nikaona jambo ambalo sikuwa nimeliona katika miaka yote aliyonilea: shangazi huenda na kilemba kidogo, kilicholala bapa kichwani, na hurudi na kilemba kikubwa, kilichovimba juu kama mkate. Siku ya kwanza nilidhani ni upepo. Siku ya pili nililinganisha na mlango wa duka aliopita. Siku ya nne sikuwa na haja ya kulinganisha.

“Leo biashara ilikuwaje, shangazi?”

“Iko muzuri. Mbona unaniangalia kichwa? Kuna inzi?”

“Hapana.”

“Basi angalia barabara.”

Ningeweza kumwuliza moja kwa moja. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini sikumwuliza, na jibu la kweli si zuri: niliogopa kwamba angekiri, kisha ningelazimika kuchagua kati yake na niliyokuwa nikiyafundisha. Nilipendelea mtu mwingine achague.

Wachuuzi hao wana kikundi chao, na mimi ndiye mwandishi wao wa kumbukumbu za mikutano kwa kuwa nilisoma. Kikundi ndicho chenye meza upande wa pili na ndicho kinachomdhamini kila mwanachama. Mwanamke aliyetolewa kikundini hana pa kuuzia. Na ipo kanuni, niliiandika mimi kwa mkono wangu, kwamba atakayekutwa na mifuko ya plastiki atatolewa siku hiyo hiyo, ili doa lake lisiwapate wote. Nilimwendea mwenyekiti. Sikulitaja jina la shangazi. Nilisema tu kwamba, kwa maoni yangu, ingefaa vilemba vya wanaorudi vitazamwe. Mwenyekiti ni mwanamke mnene mwenye akili kali.

“Mwalimu, umeona au umesikia?”

“Nimeona dalili.”

“Dalili,” alisema, kana kwamba ni neno la wagonjwa.

Mkutano ulifanyika Jumanne alasiri, katika ua tunaouazima karibu na Bariyeri. Niliketi kwenye kibao na daftari langu. Mwenyekiti alieleza kwamba kumekuwa na maneno, kwamba hamtuhumu mtu, na kwamba kila mmoja atafungua kilemba chake mbele ya wenzake, yaishe.

“Mi sijasuka miezi miwili,” mwanamke mmoja akasema. “Mwenyekiti, hiyo aibu utaibeba wewe?”

“Wewe hata ukisuka ni aibu,” mwingine akamjibu, wakacheka.

Shangazi hakucheka. Alikuwa mtu mzima kuliko wote, na kwa heshima au kwa bahati alikuwa ameketi mwanzo wa mstari. Alipeleka mikono nyuma ya kichwa, akalifungua fundo, akakizungusha kitambaa taratibu, mzunguko baada ya mzunguko, mpaka kikawa chote magotini. Nywele zake zilikuwa zimeota mvi nyingi kuliko nilivyodhani. Katikati ya nywele hizo, utosini, ilikuwa imelala ngata: lile duara la magamba ya migomba lililofungwa kwa vitambaa, ambalo mwanamke huliweka kichwani ili mzigo utulie.

Wanawake walitazamana kama watu wasioelewa swali. Halafu yule ambaye hakusuka akasema, “Si ngata tu? Anarudi bila mzigo, kapu iko mukononi. Sasa ulitaka ngata aiweke wapi, mufukoni?”

Wakacheka tena, wote, na wengine wakaanza kufungua vya kwao bila kuambiwa. Chini ya vilemba vitatu vilivyofuata kulikuwa na ngata tatu. Asubuhi ngata hukaa juu ya kilemba, chini ya kapu. Alasiri kapu likiwa tupu, ngata huingia ndani ya kilemba ili isipotee. Kila mwanamke katika ua ule alilijua jambo hilo tangu utotoni. Kila mtu aliyewahi kubeba mzigo kichwani alilijua. Mimi kichwani mwangu nilikuwa nimebeba kofia tu.

Kalamu yangu ilikuwa imesimama. Shangazi aliniona. Hakumtazama mwenyekiti wala jirani yake. Alinitazama mimi, nami nikajua kwamba amekumbuka zile alasiri nne za kando ya barabara.

“Mwandishi,” alisema, “andika. Ngata moja.”

Niliandika.

Tulirudi Rugerero kila mmoja kwa njia yake. Nilimkuta ameketi kizingitini, na kando yake, juu ya jiwe, kulikuwa na wembe.

“Lete kofia.”

“Shangazi, mimi…”

“Lete. Umepima kichwa yangu, sasa pima yako.”

Nilikata mshono wa fundi, uzi kwa uzi. Bitana ilipofunguka nilikiona kitu cheupe, kilichokunjwa mara mbili, chenye mstari wa buluu. Haikuwa sashe. Ilikuwa kona ya shitingi yetu, ile isiyopasuka.

“Ulikuja na wanafunzi na nyimbo,” alisema. “Mi nikasema, mutoto amesoma, anajua anachofanya. Lakini ulishaniambia mutakuja, usiku ule wa kabla nilikata kona. Hiyo shitingi ndiyo ilitufunika mi na baba yako tulipotoka Congo, kabla nyumba ijengwe. Misimu mbili ya mvua. Ni yeye aliifunga kamba. Haikuvuja hata tone. Nikasema, kama kuna kitu inajua mvua, ni hiyo.”

“Kwa nini hukuniambia?”

“Ningekuambia, ungeivaa?”

Nisingeivaa. Ningemweleza habari za udongo na ziwa na vizazi vijavyo, na yote yangekuwa kweli, kisha ningeshuka ule mteremko macho yakiwa yamejaa maji.

“Erega, ujue, mi ningekuachia nyumba yote uichunguze,” alisema baadaye, akiinuka. “Ulikuwa uulize tu.”

Fundi aliirudishia kofia mshono wake bila kuniuliza chochote isipokuwa habari za shule. Katika mkutano uliofuata nilisimama, nikasema kwamba maneno yale yalitoka kwa mwandishi na kwamba hayakuwa na msingi, nikayaandika hivyo hivyo katika kumbukumbu. Mwenyekiti aliuliza kama kuna mwenye la kusema, kisha akaendelea na ajenda. Wameniachia daftari, lakini sasa husomwa na mtu mwingine kabla ya kutiwa sahihi, jambo ambalo ni la haki.

Bado ninapinga plastiki, na klabu ya shule inaendelea. Kofia bado inachakarisha, wanafunzi wameizoea. Kila asubuhi shangazi hutoka uani, huitazama mbingu kabla yangu, na kusema neno moja: “Sufu,” au “Nyeusi,” au “Ile.” Huwa ni yote anayoniambia hadi jioni. Ahadi yangu kwake nimeitimiza sehemu zote ambazo tuliziweka katika maneno.

Lakini kilemba chake hurudi kidogo sasa, bapa, kama kilivyokwenda. Kuanzia Jumanne ile, shangazi hutoka Bariyeri Ndogo akiwa ameishika ngata mkononi, mbele ya kifua, ili kila mtu aione, na huja nayo hivyo hivyo hadi Rugerero, kapu mkono wa pili, hata mvua ikinyesha na hana mkono wa tatu wa kujifutia uso. Nimemwomba airudishe ndani ya kilemba. Anasema hajambo, amezoea.

Kwa hiyo nakuomba wewe unayesoma: ukikutana alasiri na mama mwenye mvi anayepanda barabara ya Rugerero akiwa na ngata mkononi, usiitazame ngata. Msalimie, umpishe apite.